Nimeandika vesheni ya sistimu kwenye Excel imenigeukia 4.52E+86, wataalamu njooni kabla sijagombana na mtu

DadaMizani

Habari za usiku wakuu. Naomba msaada, kesho saa mbili natakiwa kuwa na majibu.

Niko Kigoma, Mwanga, mi sio mtu wa kompyuta kivile, kazi yangu ni mizani na kuandika. Dagaa wakitoka ziwani wanapimwa kwanza kule mwaloni Kibirizi na kijana wetu, wakifika stoo nawapima tena mimi, halafu wakipanda treni kwenda Tabora nako kuna mtu wa kupokea na kupima. Kompyuta tatu, sistimu moja, alitutengenezea dogo mmoja yuko Dar. Sasa wiki mbili hizi hesabu hazikubaliani, gunia lile lile Kibirizi linasoma kilo nyingine, kwangu nyingine, Tabora ndo usiseme kabisa, na mzigo unalipwa kwa kilo kwa hiyo mnaelewa presha niliyonayo.

Nikampigia dogo. Akasema kila kompyuta ina maandishi madogo chini kabisa ya skrini, nimsomee. Nikamsomea weee, akaniambia mama unanichanganya, andika kwenye Excel zote tatu unitumie, vesheni weka zile namba mbili za mwanzo tu, halafu safu ya pembeni weka zile herufi saba zinazokuja baada ya g. Nikafanya alivoagiza, nikapiga simu Tabora wakanisomea ya kwao, nikatuma. Baada ya nusu saa meseji inarudi "hizi namba hazipo kwangu, umezitoa wapi". Yaani nimezitoa wapi! Nimezitoa kwenye skrini uliyoitengeneza wewe.

Nilichotuma hiki hapa:

Mwanga, 1.1, 4.52E+86
Kibirizi, 1.9, (wao hawana g, pameandikwa v1.9.2 basi)
Tabora, 1.9, 318842

Na bosi ameiona hiyo karatasi, anasema mbona stoo kubwa mko 1.1 na mwaloni wako 1.9, nani kawarudisha nyuma? Wakati mi nina uhakika niliandika 1.10 kwa mkono wangu huu. Nimechoka wakuu.

Kiroba_cha_Gungu

Naweka kambi hapa, nimeshaleta na kahawa

jongo_la_ziwa

Hiyo 4.52E+86 mbona kama bei ya migebuka mwezi huu

fundi_katubuka

Dada pole sana, hujakosea popote. Aliyekuangusha ni Excel. Hiyo programu ikiona kitu kinafanana na namba haikuulizi wala haikupi taarifa, inakigeuza palepale. Umeandika 1.10, yenyewe ikasoma moja nukta kumi, ikaona ile sifuri ya mwisho haina kazi ikaitupa, ikabaki 1.1. Hiyo ya Tabora nna wasiwasi ilikuwa na sifuri mbele nayo imeliwa, hesabu mwenyewe hapo ziko sita na dogo alitaka saba.

Ya kwako ya Mwanga ndo imeenda mbali. Kulikuwa na herufi e katikati ya tarakimu. Kwenye hesabu za sayansi e ya namna hiyo maana yake "zidisha kwa kumi mara kadhaa", so Excel ikajua umeandika jinamba la ajabu, ikakuandikia kwa kifupi. Hilo linamba ukiliandika lote lina tarakimu 87.

Fanya hivi, bonyeza kile kisanduku mara moja tu, usiandike kitu, angalia juu kwenye ule mstari wa fomula. Inasomekaje?

DadaMizani

Juu inasoma 4.517E+86

heshi_tupu

Basi imepatikana. Mlikuwa na 4517e83.

DadaMizani

Umejuaje mkuu?? Na kompyuta ya stoo nimeshaizima mpaka asubuhi, usinidanganye

heshi_tupu

Sidanganyi, nimehesabu tu. Zilikuwa alama saba, moja ni e, kwa hiyo tarakimu zimebaki sita. Namba yenyewe inaanza na 4517 na hakuna nukta kwenye heshi, so kabla ya e lazima kuwe na 4517 nzima, hizo nne. Zimebaki mbili za baada ya e. 4517 ikipelekwa kuwa 4.517 nukta imeruka hatua tatu, 86 toa 3 ni 83. Ukijaribu njia nyingine, mfano 45170e82, zinakuwa alama nane, hazitoshei. Kwa hiyo ni moja tu inayowezekana. Bahati yako Excel ilikuwa imehifadhi ile 7 ndani, pale nje ilikuonyesha 4.52 kwa kukadiria tu, ungekuwa umetuma skrinishoti ukafuta faili hapo tungelia wote.

Asubuhi ukifungua utakuja kuniambia.

Kiroba_cha_Gungu

Daah, huyu jamaa anafukua maiti

jongo_la_ziwa

Sasa wakuu mnisaidie na mi mbumbumbu, hiyo heshi ndo mdudu gani? Kwani dogo angeshindwa kuhesabu 1, 2, 3 kama kitabu cha risiti watu tukaelewana? Mambo ya kuchanganya herufi na namba kama namba ya pikipiki ya nini

Mzee_wa_Reli

Swali zuri kijana, na usijiite mbumbumbu, wengi wanaotumia hiyo kitu kila siku hawajawahi kujiuliza.

Zamani tulikuwa nazo hizo 1, 2, 3. Kulikuwa na sistimu za kutunza kodi (kodi ya programu, yaani maandishi yanayoiendesha, sio ya nyumba) kama Subversion, zilikuwa zinahesabu kabisa r1, r2, r3 mpaka elfu huko. Ziliweza kwa sababu kila mtu alikuwa anapeleka kazi yake kwenye sava moja, na hiyo sava ndo inagawa namba, kama yule wa dirishani anayekata tiketi. Dirisha moja, namba haziwezi kugongana.

Git, ambayo ni sistimu ya siku hizi ya kutunza kodi, haina dirisha. Kila programa anabeba nakala nzima ya kazi na historia yake yote kwenye laptopu yake, anafanya kazi hata intaneti ikiwa imekata, na sisi wa huku mwisho wa reli tunajua intaneti kukata ni nini. Sasa chukulia kitabu chako cha risiti. Nyie wawili mna vitabu viwili, wewe Kigoma yeye Kasulu, wote mmeishia namba 50. Kila mtu akikata inayofuata anaandika 51. Mkikutana jioni kuna risiti mbili zenye namba 51 na pesa tofauti. Ya nani ni 51 halali? Mtagombana mpaka usiku.

Ndo maana Git haimpi mtu namba ya foleni. Kila ukihifadhi hatua ya kazi, hiyo hatua ndo inaitwa komiti, Git inachukua kila kitu kilichomo, yaani hali ya mafaili yote, komiti iliyotangulia, jina la aliyeandika, saa na tarehe, na ule ujumbe alioandika, inavisaga vyote pamoja kwa kanuni inaitwa SHA-1, kinatoka kitu cha alama 40. Hiyo ndo heshi. Ukibadilisha mkato mmoja ndani ya faili moja inatoka nyingine kabisa isiyofanana hata kidogo. Ni kama alama ya kidole, haigawiwi na mtu, mtu anazaliwa nayo. Wa Kigoma na wa Kasulu kila mmoja anapata ya kwake bila kuulizana.

jongo_la_ziwa

Hapo kwenye risiti umenipata mzee. Shikamoo

Mzee_wa_Reli

Marahaba. Na Git yenyewe ilizaliwa kwa ugomvi, Linus Torvalds aliyeanzisha Linux (sistimu endeshi ya kompyuta) na wenzake walikuwa wanatumia BitKeeper, nayo ya kutunza kodi, ruhusa ya kuitumia bure ikaondolewa mwaka 2005, jamaa akakaa chini akaandika ya kwake. Komiti ya kwanza kabisa ya Git ni ya tarehe 7 Aprili 2005 na bado ipo mpaka leo unaweza kuiona, heshi yake inaanza e83c516.

mnyamwezi_halisi

Mi niko Tabora, Isevya, nafanya hizi kazi. Naongezea hapo kwa zile saba maana dada aliambiwa saba na mzee kasema 40.

Ni moja tu, imekatwa. Nani ataandika alama 40 kwenye daftari. Git ukiipa mwanzo wa heshi inatafuta yenyewe, ilimradi usishuke chini ya nne na ilimradi hakuna nyingine inayoanza hivohivo. Mtaani kwetu ukisema "Juma" tu tunajua ni nani maana Juma ni mmoja. Nenda sokoni ukaite Juma, wanageuka kumi, hapo lazima useme Juma wa kuuza asali, na wakiwa wawili wa asali unaongeza Juma wa asali mwenye baiskeli. Urefu wa jina unategemea wingi wa watu.

Saba ndo ilikuwa kawaida ya Git miaka mingi, ila kuanzia vesheni 2.11 ya mwaka 2016 inapima ukubwa wa mradi wenyewe halafu inaamua ionyeshe ngapi. Miradi midogo kama huo wa dagaa utabaki kuona saba. Linux wao wakiandika kwenye maelezo yao wanaweka 12 maana mradi wao umejaa mpaka mlangoni.

fundi_katubuka

Saba mbona nyingi sana mkuu, kila nafasi inaweza kuwa na alama 16 (0 mpaka 9 na a mpaka f), 16 ikizidishwa yenyewe mara saba unapata 268,435,456. Nani atafikisha komiti milioni 268

heshi_tupu

Hapo ndo watu wengi wanateleza, hauhitaji kufika hata karibu. Darasani wakiwa 23 tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja umeshapita nusu, japo siku za mwaka ni 365, kwa sababu hulinganishi mtu mmoja na wengine, unalinganisha kila mtu na kila mtu. Ukiipeleka hesabu ileile kwenye heshi za alama saba, ukifika kama vitu 19,300 uwezekano wa mbili kufanana mwanzo umefika nusu. Na nimesema vitu sio komiti, Git inazipa heshi komiti, inazipa heshi mafaili, inazipa na mafolda, zote ziko kapu moja. Mradi wa miaka miwili mitatu unafika huko bila jasho.

Zikigongana hakuna kinachoharibika lakini, zile 40 bado ni tofauti. Git inakataa tu inakwambia hicho kifupi ni tata, inakutajia waliopo, unaongeza alama moja mbili mambo yanaisha.

Kiroba_cha_Gungu

Na zile 40 je, haziwezi kugongana? Nlisikia kuna wazungu walizigonganisha

heshi_tupu

Ndio, Februari 2017, watu wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walitoa mafaili mawili ya PDF tofauti yenye SHA-1 moja. Walipanga makusudi na kwa nguvu kubwa sana ya mashine, sio kitu cha kukutokea ukiwa umekaa unapima dagaa. Git wameongeza ulinzi baada ya hapo na wameanza kuleta SHA-256 ambayo ina alama 64. Tusimtishe dada kwa hilo.

DadaMizani

Asubuhi wakuu. Nimefungua kompyuta.

4517e83!!! Ndo yenyewe. Mkuu heshi_tupu ubarikiwe, nimempigia dogo akakaa kimya kidogo halafu akasema "aah sawa". Hata pole hakuna.

Safari hii nimepiga picha kwa simu, na Tabora wamenitumia picha, maandishi yote kamili ni haya:

Mwanga: v1.10.0-3-g4517e83
Kibirizi: v1.9.2
Tabora: v1.9.2-14-g0318842-dirty

Kweli sifuri ililiwa. Sasa nani ananisomea hii lugha? Na hiyo g ni ya nini maana kila mtu anasema niiruke.

mnyamwezi_halisi

Nakuja na treni hapa dada uelewe moja kwa moja.

Ile v1.10.0 ni tagi, yaani stesheni kubwa. Programa akifika mahali anaona kazi imekaa vizuri anasimika bango, hapa ni 1.10.0. Ile 3 maana yake baada ya hilo bango amepiga hatua tatu mbele, komiti tatu, bila kusimika bango jipya. Na 4517e83 ndo pale hasa alipo sasa hivi.

Utauliza heshi ya nini kama nimeshasema hatua tatu baada ya stesheni. Njoo Tabora. Reli ya kati hapa inagawanyika, moja inashika Urambo, Kaliua mpaka kwenu Kigoma, nyingine inapanda Isaka, Shinyanga mpaka Mwanza. Mtu akikupigia "niko stesheni ya tatu baada ya Tabora" utamfuata wapi? Inabidi akutajie jina la stesheni. Kwenye programu nako kunakuwa na matawi, watu wawili wote wanaweza kuwa hatua tatu baada ya 1.10.0 na wako sehemu tofauti kabisa. Heshi ndo jina la stesheni.

Kibirizi wao wana v1.9.2 peke yake kwa sababu wamesimama juu ya bango lenyewe, hakuna hatua ya ziada.

heshi_tupu

Na g ni alama tu ya Git, kuonyesha kinachofuata ni heshi ya Git. Heshi yenyewe inatumia 0 mpaka 9 na a mpaka f basi, g haiwezi kuwemo ndani, ndo maana wanasema iruke ukiwa unatafuta komiti.

Ila sikia uchungu huu, ungeiacha ile g mbele Excel isingegusa kitu, maana g4517e83 haifanani na namba hata ukilazimisha. Dogo alikuambia uitoe, dogo ndo alikuuza.

Nimekaa nimehesabu bahati yako pia. Heshi ya alama saba kuwa na e moja katikati na zilizobaki zote tarakimu ni kama 1 kati ya 54, na hata hapo sio zote Excel inazibadilisha, namba baada ya e ikiwa kubwa mno inashindwa inaiacha kama maandishi. Tarakimu tupu zinazoanza na sifuri ni kama 1 kati ya 268. We umezipata zote mbili kwenye karatasi moja yenye mistari mitatu. Mama ungecheza bahati nasibu siku hiyo.

DadaMizani

Bahati yangu huwa iko hivohivo, ya kuvunja vikombe

fundi_katubuka

Usijione peke yako dada. Wanasayansi wa vinasaba walikuwa na jeni zinaitwa MARCH1 na SEPT1, kila wakiziandika kwenye Excel zinageuka tarehe, Machi mosi na Septemba mosi. Walivumilia miaka, mwisho mwaka 2020 ile kamati ya majina ya jeni ikasalimu amri ikabadilisha majina, sasa hivi ni MARCHF1 na SEPTIN1. Binadamu amebadilisha jina la kitu kilichomo mwilini mwake, Excel ikabaki ilivyo mpaka 2023 ndo ikaleta njia ya kuizima hiyo tabia.

Dawa ni kuichagua ile safu nzima kabla hujaandika kitu, uiweke kuwa Maandishi. Au uanze na kile kialama cha mkato wa juu kabla ya namba. Ukishaandika ndo ubadilishe umechelewa, sifuri haifufuki.

Na programa wenzangu msicheke sana, kwenye mafaili ya YAML (ya kuandikia mipangilio ya programu) ni hivohivo, mi nimeshawahi kuandika 3.10 bila alama za nukuu nikakaa siku nzima natafuta kwa nini mashine inavuta lugha ya programu Python vesheni 3.1.

Kiroba_cha_Gungu

Bosi wa dada bado hajajibiwa. 1.9 na 1.10 ipi kubwa? Maana mi pia nlijua 1.9, inakaribia mbili

Mzee_wa_Reli

1.10 ndo mpya. Ile nukta sio nukta ya desimali, ni kitenganishi tu. Mwambie bosi afungue kitabu chake cha dini, chochote anachotumia, sura ya 1 aya ya 9 halafu aya ya 10. Aya ya kumi haiwi nyuma ya aya ya tisa kwa sababu inaanza na moja. Baada ya 1.9 inakuja 1.10, 1.11, inaweza kwenda 1.250 bila kugusa 2, hakuna sheria inayosema ikifika tisa lazima igeuke.

Kompyuta yenyewe inakosea hapo ukiiachia ipange kwa alfabeti, itaweka 1.10 juu ya 1.9 kwenye orodha.

jongo_la_ziwa

Sasa 2 inakuja lini? Au anaamka tu asubuhi anasema leo ni 2

Mzee_wa_Reli

Wengine ndo wanafanya hivo kweli. Linus alitoka Linux 2.6 akaruka 3.0 mwaka 2011 hakuna kikubwa kilichobadilika, namba tu zilikuwa zimemchosha. Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) wao 24.04 ni mwaka na mwezi, Aprili 2024, sio namba ya ubora. Mzee Knuth wa TeX (programu ya kupanga maandishi ya vitabu) kila akirekebisha anaongeza tarakimu moja ya pai, sasa hivi iko 3.141592653, inazidi kusogea haifiki.

Ila kuna utaratibu unaitwa SemVer, aliuandika Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuweka kodi za Git. Namba tatu. Ya mwisho inapanda ukiwa umerekebisha bagi tu, yaani kosa kwenye programu. Ya katikati ukiongeza kitu kipya lakini vya zamani vinaendelea kama vilivyokuwa. Ya kwanza inapanda ukivunja kitu ambacho watu walikuwa wanakitegemea. Kwa hiyo ukiona mtu kaenda kutoka 1.9 kwenda 1.10 anakwambia "apdeti bila wasiwasi, hesabu zako ziko vilevile".

Dada, muulize dogo kati ya 1.9.2 na 1.10.0 alibadilisha nini.

DadaMizani

Nimemuuliza. Ngoja nicheke nisilie.

Anasema kuanzia 1.10 sistimu inatoa yenyewe uzito wa gunia tupu. 1.9 ilikuwa inaandika uzito wote, dagaa na gunia lake. Yaani Kibirizi wanapima na gunia, mimi napima bila gunia, na hakuna aliyeambiwa. Wiki mbili tunamwangalia yule kijana wa mwaloni kama mwizi. Na hizo hatua tatu za juu yake anasema ni kurekebisha kukadiria gramu.

Mzee_wa_Reli

Hiyo ilikuwa 2.0.0 bila majadiliano. Umebadilisha maana ya neno "kilo" halafu unaongeza namba ya katikati?

mnyamwezi_halisi

Mzee kwa heshima zote mi napinga kidogo. SemVer imetengenezwa kwa ajili ya maktaba za kodi ambazo programa wengine wanajengea juu yake, pale kuvunja kunapimika, kodi ya mwenzako inagoma. Sistimu ya kupima dagaa anayeitumia ni mtu, na mtu hasomi namba. Hata angeandika 9.0.0 dada angeendelea kupima vilevile. Kilichokosekana hapo ni simu moja, "kuanzia Jumatatu gunia halihesabiwi".

Mzee_wa_Reli

Simu ilikosekana sawa. Ila bosi ameiona namba, tena ameisoma kuliko sisi wote. Angeona mwaloni wako 1 na stoo wako 2 angeuliza siku ileile, asingesubiri wiki mbili. Namba inasomwa na yule usiyemtegemea.

mnyamwezi_halisi

Hapo kwa bosi sina la kusema.

fundi_katubuka

Sasa mmeruka kitu kikubwa wakuu, Tabora pale mwisho kuna dirty, yaani chafu. Hiyo ndo inanitisha kuliko zote.

DadaMizani

Na mi nataka kujua, maana yule wa Tabora nimemtumia picha ya Mwanga akaona ya kwetu haina hilo neno, amekasirika anasema mashine yake anaifuta vumbi kila siku

fundi_katubuka

Hahaha mwambie sio vumbi. Maana yake kwenye hiyo kompyuta kuna faili la programu limeguswa baada ya ile komiti na mabadiliko hayajahifadhiwa kwenye Git. Mtu aliingia, labda kwa mbali usiku, akabadilisha mstari mmoja palepale ili mambo yaende, akafunga akalala. Kwa hiyo ile 0318842 inakuambia programu ilitoka wapi, haikuambii ilivyo sasa. Dogo akiifungua komiti hiyo kwake Dar ataona kitu safi kabisa na atakuapia hakuna tatizo, kumbe kilichoko Tabora ni kingine na hakipo kwingine kokote duniani. Siku hiyo diski ikifa na marekebisho yamekufa nayo.

Mwambie dogo asifute kwanza. Aingie aandike

git diff

aone kimeguswa nini, akihifadhi, ndo apeleke zote tatu kwenye bango moja.

heshi_tupu

Na akishamaliza asije akarudi kuirekebisha ile komiti ya mwisho kwa sababu ameona kosa la tahajia kwenye ujumbe. Ukirekebisha hata ujumbe tu heshi inabadilika yote, dada ameshaandika ya zamani kwenye daftari, mwezi ujao inakuja tena "umezitoa wapi".

DadaMizani

Mrejesho wakuu, leo Ijumaa.

Dogo aliingia Tabora usiku. Kulikuwa na mstari mmoja alioubadilisha mwenyewe mwezi uliopita, alikuwa ameusahau, ulikuwa unatoa kilo moja kila gunia kwa mkono maana wa Tabora alilalamika kuhusu magunia. Yaani ugonjwa uleule ameutibu mara mbili kwa dawa mbili. Sasa hivi kompyuta zote zinasoma v2.0.0, mzee kanyoosha mkono wake humo, nilimtumia dogo uzi huu akausoma. Kijana wa Kibirizi nimempelekea soda na kumuomba radhi. Daftari langu la Excel safu yote nimeweka Maandishi, na g naiandika.

Ila yule wa Tabora bado kinyongo hakijaisha. Kabla dogo hajaingia alikuwa amekata karatasi akabandika kwa gundi pale chini ya skrini juu ya lile neno, wateja wasilione, na mpaka leo amekataa kuibandua.

Kiroba_cha_Gungu

Karatasi tupu au kaandika kitu?

DadaMizani

Kaandika SAFI